Mkia Mzito: Somo la Mizani Tulilofundishwa na Mwanachuo

Ndugu walimu wanachuo, katika kurasa hizi mmezoea kusoma juu ya maandalio ya masomo, matumizi ya ubao na namna bora ya kuuliza maswali. Safari hii tunaomba radhi yenu tusimulie kosa. Kosa lenyewe ni letu sisi tuandikao, nalo tulilitenda mbele ya wanachuo ishirini na wanane, katika kiwanja cha chuo hapa Mafinga, tukiwa na stashahada ya ualimu mfukoni na miaka minane ya kazi nyuma yetu. Tunalisimulia kwa sababu tunaamini kwamba mwalimu anayeficha makosa yake huwanyima wanafunzi wake nusu ya elimu aliyo nayo.

SANDUKU

Rafiki yetu mmoja, aliyekuwa akifanya kazi katika mashamba ya miti, alipohama alituachia sanduku la karatasi ngumu. Ndani yake mlikuwa na ndege ya mfano ambayo bado haijaundwa: mbavu za mabawa zilizokatwa tayari kwa mbao ya balsa, vijiti vya kuunganishia, karatasi ya plastiki ya kufunikia ambayo hukazwa kwa pasi ya moto, mota ndogo ya umeme na rafadha yake, betri, kipokezi cha redio, mota mbili ndogo zaidi za kuvutia usukani, na kifaa cha mkononi cha kuiongozea ndege ikiwa angani. Palikuwa pia na kijitabu cha maelekezo chenye michoro mizuri. Ikisha kuundwa, ndege hiyo ingekuwa na mabawa yenye urefu wa sentimeta 150 toka ncha hadi ncha, upana wa bawa sentimeta 20, na uzito wa gramu 900.

Wapo watakaouliza: mchezo huu una nafasi gani katika chuo cha ualimu? Swali hilo ni la haki. Tunalijibu kwa kukumbusha mambo mawili. La kwanza ni la zamani. Mwaka 1878 mzee Milton Wright wa Marekani aliwaletea wanawe wadogo kidude cha kuchezea cha karatasi, mwanzi na kizibo, kilichorushwa kwa nguvu ya mpira uliosokotwa. Kidude hicho kilitokana na kazi ya Mfaransa Alphonse Pénaud, ambaye mwaka 1871 alikuwa amerusha mjini Paris ndege ndogo ya mfano yenye mkia wa kuituliza. Watoto wale, Wilbur na Orville, walikua wakawa mafundi wa baiskeli. Na tarehe 17 Desemba, 1903 ndege yao yenye injini iliruka kwa muda wa sekunde 12. La pili ni la juzi na la jirani. Tangu Oktoba 2016, huko Rwanda, ndege ndogo zisizo na rubani hupeleka damu katika hospitali za mbali. Na mwaka 2018 yalifanyika majaribio ya kupeleka dawa kwa ndege ya namna hiyo kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe. Watoto mtakaowafundisha watayaona mambo haya kwa wingi zaidi kuliko sisi. Ni vema wajue kwamba vyaelea vimeundwa, na vimeundwa kwa hesabu ambazo hata wao wanaweza kuzifanya.

Hata hivyo, tangu mwanzo tuliwaambia wanachuo wetu jambo moja waziwazi. Ndege ya kuongozwa kwa redio, hata ikiwa ndogo, ni chombo cha angani. Inayo sheria, na hairushwi kabla ya kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kazi yetu, basi, ilikuwa kuiunda, kuisawazisha, na kuijaribu kwa kuisukuma kwa mkono ielee chini chini juu ya majani, mota ikiwa imezimwa. Kuelea huko peke yake kulitosha kutufundisha, kama mtakavyoona.

MKIA WA MSINDANO

Tulipofungua sanduku tulikuta kwamba unyevu wa stoo ulikuwa umeharibu mbao za mkia. Zilikuwa zimepinda na kupasuka. Balsa ni mti wa Amerika ya Kusini, mwepesi mno. Madukani petu haupatikani. Lakini sisi tunaishi Mafinga, kando ya msitu wa Sao Hill, ambao ni shamba la miti ya kupandwa la Serikali kubwa kuliko yote nchini. Hapa mbao ndiyo mazungumzo ya asubuhi na jioni. Magari yaliyosheheni magogo hupita kutwa kucha, na viwanda vya kupasulia mbao huungurumia kila upande. Tukaona kukosa ubao wa mkia mahali kama hapa ni aibu. Tulikwenda kwa fundi seremala mmoja karibu na soko, tukampa michoro, naye akatuchongea mkia mpya wa msindano.

Fundi yule alipokuwa akiupiga msasa alisema, "Mwalimu, mti huu una utomvu. Hata nikiupiga randa mpaka uone mwanga, uzito wake utabaki."

Tulimjibu kwamba si neno, kwa kuwa kipande chenyewe kilikuwa kidogo. Hilo lilikuwa onyo la kwanza. Tulimlipa, tukamshukuru, tukaenda zetu.

Kwa muda wa majuma matano wanachuo walifanya kazi kila Jumatano alasiri. Kwa hakika ilikuwa furaha kuwatazama. Wale waliokuwa wazito wa kusema darasani walikuwa wepesi wa mikono. Walipanga mbavu, wakatia gundi, wakasubiri ikauke, wakakaza plastiki kwa pasi ya mkaa kwa hadhari ya mtu anyooshaye sare ya mtoto wake. Mwisho wa juma la tano ndege ilikuwa juu ya meza, nyekundu na nyeupe, nasi tukaipangia siku ya kuijaribu. Siku tuliyochagua ilikuwa ile ambayo wakufunzi wenzetu na wageni kadhaa walitarajiwa chuoni. Hapo ndipo haraka ilipoingia.

JARIBIO LA KWANZA

Kijitabu kilieleza kwamba ndege ikiwa imekamilika, na kila kifaa kikiwa mahali pake, itasimama sawasawa ikiegemezwa kwenye alama mbili chini ya mabawa, sentimeta 6 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. Kilieleza pia kwamba alama hizo hapana budi zihakikishwe kabla ya kurusha. Sisi tulisoma sentensi ya kwanza tukairuka ya pili. Tulikuwa tumefuata michoro yote, kwa hiyo tulidhani ndege ingejisawazisha yenyewe.

Asubuhi ile, wakati tukiitoa ndege chumba cha sayansi, mwanachuo mmoja wa kiume, kijana mnyamavu aliyezoea kuketi karibu na dirisha, aliiinua kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa. Mkia ukashuka polepole kama mtu anayeketi.

Akasema, "Samahani, mwalimu. Mkia mzito."

Tulimjibu mbele ya wenzake, "Kijana, maelekezo haya yametungwa na wataalamu. Betri iweke palipochorwa, mengine uyaache."

Akaiweka betri palipochorwa, akanyamaza. Hilo lilikuwa onyo la pili.

Tulisimama upande wa juu wa kiwanja, wageni wakiwa nyuma yetu. Tukaisukuma ndege mbele kwa mkono. Ilitoka vizuri, kisha pua ikainuka, ikazidi kuinuka, ndege ikasita hewani kana kwamba inafikiri, halafu ikaanguka kwa pua. Tulisikia mlio wa kuvunjika. Pua ilipondeka, na bawa la kushoto likakatika mbavu tatu. Mgeni mmoja alicheka, kisha akajizuia. Sisi tukasema kwa sauti kwamba upepo wa Mafinga una hila. Ukweli ni kwamba asubuhi ile hapakuwa na upepo, na wanachuo wote waliliona hilo, kwa maana moshi wa jiko la chuo ulikuwa umesimama wima kama nguzo.

Yule kijana hakusema neno. Alichukua ungo kutoka jikoni, akaokota vipande vyote, hata vile vidogo vidogo, akavipeleka chumba cha sayansi.

TULICHOKIKUTA KATIKA DAFTARI

Jioni ile hatukupata raha. Ndege ingetengenezeka, iliyotusumbua ilikuwa ile kauli yetu juu ya upepo. Kesho yake tulimwita yule kijana tukamwuliza, "Umejuaje?"

Alieleza kwa aibu kwamba alipokuwa mdogo, kijijini kwao huku huku Mufindi, walikuwa wakiunda ndege kwa mabua ya mahindi, wakishikiza mabawa kwa miiba. Ndege isiyo na bonge la udongo puani, alisema, "ilikuwa ikijikwaa hewani." Ukiongeza udongo kidogo, inatulia. Ukizidisha, inapiga mbizi. "Tulikuwa tukiijua kwa kidole tu, mwalimu."

Tulipokwisha kumsikiliza tulifungua rundo la karatasi za jaribio la mwezi uliotangulia. Swali la nne, tulilolitunga sisi wenyewe, lilisema: "Fafanua nyenzo daraja la kwanza, ukitaja egemeo, jitihada na mzigo." Kijana huyu alikuwa amepata alama 2 katika 10. Pembeni tulikuwa tumeandika kwa wino mwekundu: "Hujaelewa."

Ndugu walimu wanachuo, tunaomba mlitafakari jambo hilo pamoja nasi. Mtu aliyeijua mizani kwa vidole vyake tangu utoto tulimwandikia kwamba hajaelewa. Sisi tulioweza kufafanua egemeo, jitihada na mzigo bila kukosa nukta, tulirusha ndege yenye mkia mzito. Kosa la swali letu lilikuwa kupima maneno yake tu. Na kosa lililo kubwa zaidi lilikuwa lile la kiwanjani: tulikuwa karibu kumfundisha mwalimu wa kesho kwamba cheo hushinda ushahidi. Angelibeba somo hilo hadi katika darasa lake, na watoto arobaini wangelipokea kwake.

Jumatano iliyofuata tulisimama mbele ya darasa tukasema: hapakuwa na upepo, mkia ulikuwa mzito, mwenzenu alituambia, nasi hatukumsikiliza, tunamwomba radhi. Maneno hayo hayakufika ishirini, lakini yalitugharimu usingizi wa siku kadhaa.

HESABU YA MIZANI

Baada ya hapo kazi ilianza upya, safari hii kwa kalamu na mizani. Tuliupima mkia. Mbao zile za balsa zilikuwa na uzito wa gramu 25. Zetu za msindano, gramu 65. Ziada ilikuwa gramu 40. Wanachuo wakashangaa: gramu 40 tu katika ndege ya gramu 900?

Ndipo wenzo ulipojieleza wenyewe. Egemeo ni ile alama chini ya bawa. Mkia uko sentimeta 60 nyuma yake, na ncha ya pua iko sentimeta 20 mbele yake. Uzito wa ziada mkianini ukizidishwa kwa umbali wake ni 40 mara 60, yaani 2,400. Ili pua ilingane nao, uzito wake ukizidishwa kwa 20 hauna budi kuwa 2,400 pia. Yaani gramu 120. Kila gramu moja ya mkiani inadai gramu tatu puani.

Wengi walipendekeza tutie gramu 120 za risasi puani. Yule kijana aliinua mkono, na safari hii tulimpa nafasi. Alisema, "Mwalimu, kwa nini tuilipe pua deni la mkia? Tupunguze deni lenyewe." Darasa likacheka, lakini alikuwa na haki. Kuongeza gramu 120 kungeifanya ndege yote kuwa nzito, na ndege nzito hutaka mwendo mkubwa zaidi ili ielee.

Hapa Mafinga jambo hilo lina uzito wa pekee. Tuko zaidi ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja katika sita ikilinganishwa na hewa ya pwani. Ndege ile ile inayoelea vizuri Tanga au Bagamoyo, huku kwetu hutaka mwendo uzidi kwa karibu sehemu moja katika kumi. Nyanda za juu hazisamehi uzito usio wa lazima.

Basi tuliukata mkia madirisha, tukabakiza fremu, tukaifunika kwa masalio ya plastiki. Uzito ukashuka kutoka gramu 65 hadi 35. Ziada ikabaki gramu 10, ambayo mara 60 ni 600. Betri yetu ilikuwa na gramu 150. Ikisogezwa mbele sentimeta 4, 150 mara 4 ni 600. Kwa hesabu hiyo hapakuwa na haja ya kuongeza hata gramu moja.

Tulipoisogeza betri kwa sentimeta 4, pua ikashuka! Darasa lilifadhaika, mpaka msichana mmoja alipokumbusha kwamba pua iliyovunjika tuliitia viraka na gundi, navyo vina uzito. Betri ikatulia kwenye sentimeta 3. Hapo wanachuo waliona kwamba hesabu hukuonyesha njia, na kupima hukufikisha. Bawa la kushoto nalo, kwa sababu ya viraka vyake, lilikuwa likilala. Msumari mdogo uliobandikwa kwenye ncha ya bawa la kulia ulilirudisha sawa.

Tuliijaribu alfajiri moja yenye baridi, bila wageni. Yule kijana ndiye aliyeisukuma. Ilitoka, ikashuka taratibu kwa mstari ulionyooka, ikagusa majani meta 26 kutoka miguuni pake. Hakuna aliyepiga kelele. Kijana aliifuata, akairudisha, akasema, "Tena."

KWA SHULE ISIYO NA SANDUKU

Mtakwenda kufundisha mahali ambapo hakuna sanduku kama hili. Wala halihitajiki. Elimu ya Kujitegemea, tangu ilipotangazwa mwaka 1967, imetuhimiza kuunganisha darasa na kazi ya mikono na mazingira ya mtoto. Somo hili hufanyika kwa mabua, au kijiti chepesi, na karatasi ngumu ya boksi. Kwa madarasa ya juu tunashauri hatua hizi:

1. Kila kikundi cha watoto wanne kichukue bua lililonyooka la sentimeta 40. Kikate bawa la sentimeta 40 kwa 8 na mkia wa sentimeta 16 kwa 5, pamoja na kipande kidogo cha kusimama wima mkiani. Bawa likunjwe katikati kidogo ili ncha zake ziinuke kama sentimeta 3. Hilo huizuia ndege isilale upande. Mwalimu ndiye atakayekata mabua, kwa maana kingo zake hukata mikono.

2. Bawa lifungwe kwa uzi, sentimeta 12 hivi kutoka puani. Kabla ya kurusha, kila kikundi kiinue ndege yake kwa vidole viwili, sentimeta 2 na nusu nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa, na kitabiri itakavyoruka. Utabiri uandikwe daftarini.

3. Warushe. Ndege ikiinuka, ikasita na kuanguka, mkia ni mzito. Ikipiga mbizi, pua ni nzito. Ikigeukia upande mmoja, bawa la upande huo ni zito au limepinda.

4. Warekebishe kwa udongo wa mfinyanzi, jambo moja tu kwa wakati mmoja. Wakibadili mawili, hawatajua lililosaidia.

5. Ndipo, baada ya hayo yote, mwalimu ataje maneno egemeo, jitihada na mzigo. Maneno yatakuta mahali pa kukaa.

Wachezee uwanjani, mbali na barabara, na pasiwe na mtoto mbele ya anayerusha. Wakati wa kusahihisha, mwalimu awape alama pia wale waliotabiri vibaya lakini wakaweza kueleza kwa nini.

Msikidharau kile kisa cha ndege kusita hewani. Mjerumani Otto Lilienthal, aliyefundisha dunia mengi kwa kuelea na mabawa aliyoyaunda mwenyewe, alikufa Agosti 1896 baada ya chombo chake kupoteza mwendo hewani na kuanguka. Watoto watakachokiona katika bua ni jambo lile lile.

HITIMISHO

Ndege yetu bado haijaongozwa kwa redio. Imening'inizwa katika chumba cha sayansi, ikisubiri kibali, na viraka vyake vinaonekana. Tumekataa kuvipaka rangi.

Yule kijana alikwenda mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi wilayani humu, nasi tukapangiwa kumkagua. Alifundisha nyenzo kwa mabua. Alisahau kuandika muhtasari ubaoni, na kwa hilo alipoteza alama, kama ilivyo haki. Lakini katikati ya somo msichana mdogo wa mstari wa nyuma alisema kwa sauti ndogo kwamba ndege ya mwalimu ilikuwa na pua nzito. Darasa zima likanyamaza, likamtazama mwalimu.

Kijana alishuka kutoka mbele ya darasa, akamkabidhi ndege, akamwuliza, "Umejuaje?"

Katika fomu ya ukaguzi hapakuwa na nafasi ya kuandika jambo hilo. Tuliliandika pembeni, kwa wino mwekundu.